Soko ni lipi? Jinsi kesi za maduka ya programu zinavyopiganwa

Tarehe 13 Agosti 2020, kampuni ya Epic Games iliwasha kitufe kimoja ndani ya mchezo wake wa Fortnite. Mchezaji aliyetaka kununua V-Bucks 1,000, ambazo ndizo sarafu za mchezo huo, aliona bei mbili zimekaa sambamba kwenye skrini: dola 9.99 akilipa kupitia duka la Apple, dola 7.99 akiilipa Epic moja kwa moja. Kitufe kama hicho kiliwashwa pia kwenye simu za Android. Siku haikuisha kabla Apple na Google hazijauondoa mchezo huo madukani mwao. Siku hiyo hiyo Epic ikazishtaki zote mbili katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California, kwa hati ambazo bila shaka ziliandaliwa mapema zikisubiri tu tukio.

Mlalamikaji mmoja, kitendo kimoja, siku moja, mahakama moja. Apple ikashinda madai tisa kati ya kumi. Google ikashindwa katika kila swali ambalo juri, yaani raia wa kawaida wanaoketishwa kuamua kesi, iliulizwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba Google ndiyo inayomruhusu mwenye simu kupakua programu kutoka nje ya duka lake, ilhali Apple, wakati ule, haikuruhusu hata kidogo. Aliyefunga mlango kwa komeo akapona, aliyeuacha wazi nusu akatiwa hatiani.

Wengi hulieleza jambo hili kama bahati ya kumpata jaji huyu badala ya yule. Mimi sikubaliani. Ukizifuata kesi hizi mbili hatua kwa hatua utaona kwamba hoja ya haki na uonevu, ile inayotukera sisi tunaotengeneza programu, si hoja iliyozipa ushindi wala kuzinyima. Kilichoamua ni maswali makavu zaidi: soko linalozungumziwa ni lipi, nani anaamua, ushahidi uko wapi, na mlalamikaji anaomba apewe nini.

Kinachogombewa

Kwa miaka mingi kiwango kilichozoeleka kilikuwa asilimia 30 ya kila mauzo ya kidijitali yanayofanyika ndani ya programu. Kiwango hicho kililegezwa baadaye: kuanzia Januari 2021 Apple iliwatoza asilimia 15 wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka, na Google ikafuata Julai mwaka huo kwa dola milioni moja ya kwanza. Lakini asilimia ni nusu tu ya ugomvi. Nusu ya pili ni marufuku ya kusema. Kanuni za Apple zilimzuia msanidi kumwambia mteja, ndani ya programu yake mwenyewe, kwamba kitu hicho hicho kinauzwa kwa bei nafuu kwenye tovuti. Haukuruhusiwa kuweka kiungo, kitufe wala sentensi.

Kwa maoni yangu marufuku hiyo ilikuwa nzito kuliko kamisheni yenyewe, na sheria ikaja kuona vivyo hivyo. Mtu anaweza kutetea bei ya huduma yake. Ni vigumu zaidi kutetea kwa nini mteja asijue kuwa bei nyingine ipo.

Kuvunja mkataba kwa makusudi

Kwa nini Epic haikufungua kesi kimya kimya, mchezo wake ukiendelea kuuzwa? Kwa sababu mahakama hupenda madhara yanayoonekana. Kitufe cha dola 7.99 kilikuwa ushahidi hai: ondoa kamisheni, bei inashuka. Kuondolewa kwa mchezo kulionyesha nguvu ya mwenye jukwaa bila wakili kulazimika kuieleza.

Mbinu hiyo ina gharama zake. Epic ilipoomba amri ya muda ya kuurudisha mchezo kwenye duka la Apple, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alikataa, kwa sababu madhara hayo Epic ilijitakia yenyewe: ilikuwa na uwezo wa kuyaondoa kwa kurudi kwenye masharti ya mkataba wakati kesi ikiendelea. Mwishoni iliamriwa pia kuilipa Apple asilimia 30 ya mapato yote iliyoyapata kwa kitufe kile. Kwa miezi mitatu ya mwanzo peke yake, mapato hayo yalikuwa dola 12,167,719.

Hapo hapo kuna kipande ambacho wachache hukizungumzia. Apple ilitishia kufunga pia akaunti zinazohusika na Unreal Engine, injini ya michezo ya Epic inayotumiwa na wasanidi wengine wengi. Jaji aliizuia Apple isifanye hivyo. Akaunti hizo zilikuwa chini ya kampuni tanzu nyingine, yenye mkataba wake, ambao haukuwa umevunjwa. Mkataba mmoja ukivunjwa, mwingine hauanguki nao kwa sababu tu wenye mali ni wale wale. Usajili wa kampuni tanzu, karatasi ambayo hakuna anayeijali siku za amani, ndio ulioinusuru injini nzima.

Mvutano wa mipaka ya soko

Sheria ya ushindani ya Marekani haimkatazi mtu kuwa mkubwa, inamkataza kuitumia nguvu yake vibaya ndani ya soko fulani. Kwa hiyo, kabla ya swali lolote la maana, lazima soko lichorewe mipaka. Ukilichora dogo, mwenye jukwaa anaonekana mfalme. Ukilichora kubwa, anaonekana mchuuzi mmoja kati ya wengi. Mawakili wanalijua hili, na ndipo wanapomaliza fedha zao nyingi kwa wachumi wa kutoa ushahidi.

Epic ilisema soko ni usambazaji wa programu kwenye iPhone na iPad. Ndani ya mipaka hiyo Apple ina asilimia 100, maana hakuna mwingine. Apple ikasema soko ni michezo yote ya video, ikiwemo ya kompyuta na ya mashine za kuchezea sebuleni. Jaji akaukataa mchoro wa Epic na wa Apple, akachora wake: miamala ya michezo ya kidijitali kwenye simu. Humo alikuta Apple ikishika zaidi ya asilimia 55 pamoja na faida kubwa isiyo ya kawaida. Hilo halikutosha kuiita ukiritimba, na katika hukumu yake ya tarehe 10 Septemba 2021 aliandika kwamba kufanikiwa si kosa kisheria.

Kwa nini mchoro wa Epic ulikataliwa? Hapa inabidi turudi nyuma hadi 1992, kwenye kesi ya Kodak katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kodak iliuza mashine za kunakili karatasi, kisha ikabana vipuri ili mafundi wa nje wasiweze kuzitengeneza. Kodak ilijitetea kwamba ina washindani wengi katika kuuza mashine. Mahakama ikajibu kwamba mteja akishanunua mashine amenaswa, hivyo matengenezo yanaweza kuwa soko lake pekee hata kama mashine zenyewe zina ushindani. Epic ilijenga hoja yake juu ya msingi huo: mtu akishanunua iPhone amenaswa, na duka la programu ni soko la baadaye.

Msingi huo una sharti. Inabidi uonyeshe kwamba mnunuzi hakujua kamba iko wapi wakati ananunua. Wateja wa Kodak walibadilishiwa masharti njiani, lakini iPhone ilikuwa na duka moja tangu duka hilo lilipofunguliwa mwaka 2008. Epic haikuleta ushahidi wa kutosha, utafiti wa wanunuzi kwa mfano, kuonyesha kwamba watu hununua simu hiyo bila kujua. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na jaji katika hilo Aprili 2023. Kwa lugha nyepesi, Epic iliangushwa na pengo la ushahidi kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Hukumu ile ya rufaa ilisahihisha jambo moja ambalo wasanidi wadogo wangepaswa kulishika. Jaji wa kwanza alikuwa amesema mkataba wa Apple, kwa kuwa msanidi analazimika kukubali tu yaliyoandikwa bila mazungumzo, hauhesabiki kama makubaliano chini ya kifungu cha kwanza cha Sheria ya Sherman, sheria kuu ya ushindani ya Marekani. Mahakama ya rufaa ikasema hapana: mkataba wa kubali-au-acha nao ni makubaliano, na unaweza kushtakiwa.

Google ilinaswa na karatasi zake

Sasa ile komeo na ule mlango ulio wazi nusu. Apple iliweka kanuni zake yenyewe, juu ya mashine yake yenyewe, tangu mwanzo. Google ilikuwa na mfumo ulio wazi kwa jina, kwa hiyo ili kulinda nafasi yake ilibidi isaini mikataba na wengine: watengenezaji wa simu waliogawiwa mapato, na wasanidi wakubwa waliopewa vivutio. Mradi mmoja wa ndani uliitwa Hug, yaani kukumbatia. Epic ilidai lengo lake lilikuwa kuwazuia wasanidi wakubwa wasifungue maduka yao. Mkataba mmoja, wa kampuni ya michezo ya Activision Blizzard, ulikuwa na thamani ya takriban dola milioni 360. Sheria ya ushindani huiangalia kwa jicho kali zaidi fedha inayompitia mtu anayeweza kuwa mshindani wako kuliko kanuni unayojiwekea nyumbani kwako.

Juu ya hayo kulikuwa na suala la jumbe. Kampuni ikishajua kesi inakuja, ina wajibu wa kuhifadhi mawasiliano yake. Gumzo za ndani za Google ziliendelea kujifuta baada ya saa 24, na Jaji James Donato aliiambia juri kwamba inaweza kuchukulia kuwa yaliyofutika yangeiumiza Google. Jiweke mahali pa raia wa kawaida aliyeketishwa kusikiliza: upande mmoja una karatasi, upande wa pili unakwambia karatasi zilipotea zenyewe.

Na hapo ndipo swali la nani anaamua linapokuwa na uzito. Kesi ya Apple ilisikilizwa na jaji peke yake, Mei 2021, kwa ridhaa ya pande zote. Kesi ya Google ilikwenda kwa juri. Jaji huandika kurasa 185 akipima mchoro wa soko mstari kwa mstari, juri huulizwa maswali machache na kujibu ndiyo au hapana. Karibu na siku ya kusikilizwa Google ilijaribu kuikwepa juri, ikakataliwa. Tarehe 11 Desemba 2023 majibu yote yalikuwa ndiyo.

Katika rufaa Google ilisema Epic haiwezi kushindwa kuhusu soko katika kesi moja kisha ishinde katika nyingine. Julai 2025 mahakama ya rufaa ilijibu kwamba mipaka ya soko ni suala la ushahidi wa kesi husika, na mfumo wa Android haufanani na wa Apple. Mshindani wa duka la Google ndani ya Android ni duka lingine la Android, na yapo. Uwazi ambao Google ilijivunia ndio ulioonyesha kuwa hapo pana soko linaloweza kubanwa.

Njia zisizopita kwa Epic

Si kila mtu ana fedha za Epic. Wanunuzi wenyewe waliruhusiwa kuishtaki Apple baada ya Mahakama ya Juu kuamua, Mei 2019, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba anayenunua programu dukani ni mteja wa Apple moja kwa moja. Uingereza, Oktoba 2025, Mahakama ya Rufaa za Ushindani iliamua kwamba Apple ilitumia vibaya nguvu yake, katika kesi ya kundi ambayo fidia yake inaweza kufikia pauni bilioni 1.5.

Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni, ilichagua njia ya msimamizi wa soko. Ililalamika kwa Tume ya Ulaya Machi 2019, ikiwemo kuhusu asilimia 30. Mwishowe Tume iliikazia macho ile marufuku ya kusema. Spotify ilisubiri miaka mitano. Machi 2024 Apple ilitozwa faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8. Faida ya njia hii ni kwamba msimamizi ndiye anayegharimia uchunguzi na ndiye anayeweza kudai nyaraka. Hasara yake ni kwamba faini haiingii mfukoni mwako, na kasi si yako.

Kisha Ulaya ikabadilisha mchezo wenyewe. Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ambayo wajibu wake ulianza Machi 2024, haianzi na swali la mipaka ya soko. Inahesabu. Kampuni yenye mapato ya euro bilioni 7.5 kwa mwaka barani humo, au thamani ya euro bilioni 75, na huduma yenye watumiaji milioni 45 kwa mwezi, inachukuliwa kuwa mlinda lango na inapewa orodha ya mambo ya kufanya na kutofanya. Ugomvi ule uliomeza mamilioni ya dola California unafutwa kwa kikokotoo. Nguvu yake ilionekana mapema: Machi huo huo Apple ilifunga akaunti ya kampuni tanzu ya Epic iliyoko Sweden, Tume ikauliza maswali, na ndani ya siku chache akaunti ikarudi. Aprili 2025 ikafuata faini ya euro milioni 500, kwa sababu ya marufuku ile ile ya kusema.

Aliyeshika makali

Msanidi wa kawaida, mtu mmoja au watu watatu, hakutani na Sheria ya Sherman. Anakutana na barua pepe: programu yako imekataliwa, au akaunti yako imefungwa. Mkataba wa wasanidi wa Apple humpeleka kwenye mahakama za California, humruhusu kila upande kuusitisha kwa taarifa ya siku 30 bila sababu yoyote, na huweka kikomo cha fidia ambayo Apple inaweza kudaiwa chini ya mkataba huo: dola 50. Yeye ameshika makali, mpini uko kwa mwingine.

Kwa hiyo mkakati wake ni wa karatasi na wa mapema. Ahifadhi kila toleo la programu na kila jibu la mkaguzi, pamoja na namba ya kanuni aliyoambiwa ameivunja, kwa sababu kukata rufaa ndani ya jukwaa kunahitaji kujibu kanuni hiyo na si hasira. Atenganishe akaunti za miradi ikiwa anaweza kufanya hivyo kihalali, kupitia kampuni tofauti, kama injini ya Epic ilivyotuonyesha. Asikopi ujanja wa kuvunja mkataba makusudi; hana fedha za kusubiri miaka mitano nje ya duka. Anayeuza Ulaya akiwa na makao yake huko ana kanuni ya mwaka 2019 inayolitaka jukwaa litoe sababu kwa maandishi na, mara nyingi, taarifa ya siku 30 kabla ya kumfunga, pamoja na njia ya malalamiko ya ndani na upatanishi. Ni silaha ndogo, lakini inapatikana bila wakili wa California.

Kesi za kundi nazo zimewahi kuwafikia wadogo. Mwaka 2021 Apple ilikubali kutoa dola milioni 100 kwa wasanidi wa Marekani, malipo yakianzia dola 250 hadi 30,000 kwa mtu. Ndani ya suluhu hiyo mlikuwa na kitu nilichokiona cha thamani kuliko hundi: ruhusa ya wazi ya kumwandikia mteja barua pepe kumweleza njia nyingine za kulipa.

Dai la kumi

Nilisema Apple ilishinda madai tisa. La kumi halikuwa chini ya sheria ya shirikisho, lilikuwa chini ya sheria ya California ya ushindani usio wa haki. Sheria hiyo haidai ukiritimba uthibitishwe kwanza, inatosha kitendo kiwe kinakwenda kinyume na moyo wa sheria za ushindani. Kwa dai hilo moja jaji aliipiga marufuku ile marufuku: Apple isiwazuie wasanidi kuweka viungo na vitufe vya kwenda kulipa kwingine. Epic haikuomba fidia bali amri, na zuio hilo liliwahusu wasanidi wote wa duka la Marekani.

Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa za pande zote Januari 2024. Hapo Apple ikatangaza utii wake. Viungo ruksa, ila mteja akikibofya na kununua ndani ya siku saba, msanidi alipe asilimia 27. Piga hesabu kwa bidhaa ya dola 10. Kwa Apple unakatwa dola 3. Kwa kiungo unakatwa dola 2.70, kisha kampuni ya kadi inachukua sehemu yake ambayo kwa kawaida huwa karibu asilimia 3, na kazi ya wizi wa kadi na marejesho inabaki kwako. Hakuna aliyebaki na sababu ya kuweka kiungo. Na aliyekiweka, mteja wake alikutana kwanza na skrini nzima ya onyo. Jaji alipodai nyaraka za ndani alikuta wafanyakazi wakijadiliana maneno ya skrini hiyo, mmoja akisema kwamba "tovuti ya nje" yanatisha, hivyo wakubwa watayapenda.

Hukumu ya tarehe 30 Aprili 2025 ilikuwa kali. Jaji alisema Apple ilidharau amri yake kwa makusudi, kwamba makamu wa rais wa fedha, Alex Roman, alidanganya chini ya kiapo, na akalipeleka suala kwa waendesha mashtaka wapime kosa la jinai. Aliandika pia kwamba Phil Schiller, kiongozi wa siku nyingi wa Apple aliyepinga kamisheni hiyo ndani ya kampuni, alikaa kesi nzima na kuisoma hukumu yote, tofauti na Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo. Kamisheni ya viungo ikafutwa papo hapo. Fortnite ikarudi dukani Marekani tarehe 20 Mei.

Desemba 2025 mahakama ya rufaa ilikubali kuwa amri ilidharauliwa, lakini ikasema kufuta kamisheni yote milele kulikuwa adhabu kupita kiasi, ikamrudishia jaji kazi ya kupima gharama za lazima ambazo Apple inaweza kudai kwa kuratibu viungo hivyo. Baada ya zaidi ya miaka mitano, ugomvi ulioanza na asilimia 30 umefika kwenye hesabu ya mbofyo mmoja: mteja anapokigusa kiungo na kutoka nje ya programu, Apple imefanya kazi ya shilingi ngapi?